Kushiba kwa Dola Tano Singapore: Mwongozo Kamili wa Kula Kwenye Vibanda vya Wazi

Ujumbe ninaoupata haubadiliki sana. Ndugu amekwenda Singapore kwa kozi ya wiki mbili, au mama yuko huko na mgonjwa, au ni baharia ambaye meli yake itakaa bandarini siku tatu. Amesikia kuna kumbi za wazi ambako mtu hushiba kwa dola tano za Singapore. Amekwenda, amekuta mamia ya watu wanakula, amezunguka nusu saa na bakuli la moto mkononi bila kupata pa kukaa, na keshoyake hakurudi. Anamaliza safari akila kwenye jumba la biashara kwa dola 25 sahani moja.

Nimeshawajibu wengi mmoja mmoja. Safari hii naandika yote mahali pamoja.

Kinachowakwamisha ni mpangilio. Kwetu, kwa mama lishe Kariakoo au kwenye kibanda Mombasa, unakaa kwanza kisha unahudumiwa. Singapore ukikaa tu, utakaa mpaka jioni na hakuna atakayekuuliza unataka nini. Kule unashika meza, unaacha alama, unakwenda kupanga foleni, unalipa, unabeba mwenyewe, unakula, halafu unarudisha vyombo. Ukishika mpangilio huo, mengine yote ni mepesi.

Kwenye ramani ya simu kumbi hizi zitafute kwa jina la hawker centre au food centre. Ndivyo mabango yalivyoandikwa na ndivyo wenyeji watakavyokuelewa ukiwauliza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

Pesa taslimu, noti ndogo. Noti za dola 2, 5 na 10 za Singapore, pamoja na sarafu. Dola moja ya Singapore ni takriban shilingi 100 za Kenya au 2,000 za Tanzania, ila kiwango hupanda na kushuka, kwa hiyo kiangalie siku ya safari. Vibanda vingi vina picha ya QR ya kulipia kwa simu, lakini nyingi zimeunganishwa na benki na pochi za huko. Pesa yako ya simu ya nyumbani usiitegemee. Usitegemee pia kubadilisha shilingi. Beba dola za Marekani ubadilishe mjini, au toa pesa kwenye mashine ya benki.

Pakiti mbili za tishu. Hizi zina kazi kubwa kuliko kufuta mikono, utaiona kwenye hatua ya tatu. Mara nyingi vibandani hawatoi tishu. Ukisahau, wapo wazee wanaopita mezani wakiuza pakiti chache kwa dola moja au mbili. Wanunulie.

Chupa ya maji. Maji ya bomba ya Singapore ni salama kunywa. Jaza chupa hotelini. Vibanda vya chakula havigawi maji bure, na chupa ya dukani inakula pesa ya sahani nyingine.

Karatasi yenye visivyokufaa. Kama karanga au kamba hukuletea mzio, andika kwa Kiingereza, herufi kubwa. Karanga na uduvi uliosagwa vimo ndani ya michuzi mingi ambayo kwa macho huwezi kuvitambua.

Nguo nyepesi. Kumbi nyingi hazina kiyoyozi, kuna feni za darini tu. Singapore iko karibu kabisa na ikweta, na joto lake ni kama la Dar es Salaam mwezi wa Machi.

## Hatua ya 1: Chagua ukumbi unaolingana na mlo wako

Kosa la kwanza ni kwenda ukumbi wowote uliosifiwa mtandaoni. Kila ukumbi una watu wake na chakula chake.

*Tekka Centre*, karibu na kituo cha treni cha Little India. Hapa kuna biriani, chapati za tabaka, mchuzi wa mbuzi, na vibanda vingi vya Waislamu. Kwa mtu wa Pwani ndipo pa kuanzia. Pua itakwambia umefika kabla ya macho.

*Geylang Serai Market*, unatembea kutoka kituo cha Paya Lebar. Chini ni soko, chakula kipo ghorofani. Ni mtaa wa Wamalei, na karibu vibanda vyote ni vya Waislamu.

*Adam Road Food Centre*, padogo, panasifika kwa wali wa nazi.

*Maxwell Food Centre*, mtaa wa Wachina, karibu na kituo chenye jina hilohilo la Maxwell. Wengi huja hapa kwa wali wa kuku.

*Chinatown Complex*, ghorofa ya pili, zaidi ya vibanda 200. Ni kukubwa mno kwa siku ya kwanza. Nakushauri usianzie hapa, mtu hupotea na kuchoka kabla hajaagiza.

*Lau Pa Sat*, katikati ya maofisi, jengo zuri la chuma cha kale. Bei ziko juu kidogo kuliko kwingine, lakini jioni barabara ya Boon Tat pembeni yake hufungwa, meza zinapangwa barabarani na mishkaki inachomwa kwa mkaa. Nenda kwa ajili ya hiyo.

Utajua umechagua vizuri ukiona wazee na watoto wa shule wanakula. Wageni watupu wenye kamera ni dalili kwamba bei zimeshapanda.

## Hatua ya 2: Fika saa ambayo si ya kila mtu

Kati ya saa sita na saa saba na nusu mchana maofisi yote yanamwagika humo. Foleni ya kibanda chenye sifa inaweza kukugharimu dakika 40. Fika saa tano, au saa nane.

Ila usichelewe sana. Wapishi wengi wameamka alfajiri, na sufuria ikiisha wanafunga, hata kama ni saa tisa alasiri. Kila kibanda kina siku yake ya mapumziko, nyingi huangukia Jumatatu. Tena kila baada ya miezi kadhaa ukumbi mzima hufungwa kwa usafi mkubwa. Kwa hiyo usivuke mji kwa ajili ya kibanda kimoja bila kuwa na cha pili akilini.

## Hatua ya 3: Shika meza kwanza

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wiki yangu ya kwanza nilinunua bakuli la *laksa*, tambi kwenye mchuzi wa nazi na pilipili, limejaa hadi ukingoni. Niligeuka kutafuta kiti. Kila meza niliyoiona tupu ilikuwa na pakiti ya tishu katikati, na mimi nikadhani ni takataka ya mtu aliyeondoka. Nikakaa. Dakika mbili baadaye wakaja wenye meza, trei mkononi, wakanitazama. Nikainuka, nikaenda meza nyingine yenye mwavuli mdogo juu ya kiti, nikakaa. Wakaja wenyewe tena. Mchuzi ulikuwa umeshanimwagikia kidoleni. Ni bibi mmoja wa Kichina aliyenipungia mkono akavuta mkoba wake pembeni nikae naye, na akanieleza kwa ishara: tishu ile ni mtu.

Wenyeji huita desturi hiyo *chope*. Unaweka pakiti ya tishu, mwavuli au kadi ya kazi mezani, na meza ni yako mpaka urudi. Hakuna anayeigusa.

Fanya hivi:

1. Ingia mikono mitupu. Tafuta meza au kiti kimoja kitupu kisicho na kitu juu.
2. Weka pakiti ya tishu katikati ya nafasi yako. Usiache simu wala pochi. Wapo wanaoacha, lakini wewe ni mgeni na pasipoti yako haina pacha.
3. Soma namba ya meza, kwa kawaida imebandikwa juu au pembeni. Ikumbuke. Vibanda vingine hukuletea chakula na watakuuliza namba hiyo.
4. Kama mko wawili, mmoja abaki, mmoja aende. Ni rahisi zaidi kuliko tishu.

Ukiwa peke yako na ukumbi umejaa, kaa na wengine. Onyesha kiti, inua nyusi, subiri atikise kichwa. Kukaa na usiowajua ni kawaida kule, hakuna anayeona umemvamia.

## Hatua ya 4: Zunguka, usome mabango

Usinunue kwenye kibanda cha kwanza. Zunguka ukumbi mara moja, mikono nyuma, ukisoma.

Bango la kibanda litakuonyesha mambo manne. Picha ya chakula. Bei, ambazo mara nyingi ni tatu kwa chakula kilekile, kwa mfano 4, 5 na 6. Hizo ni ukubwa wa sahani. Ya kati humtosha mtu mzima. Cheti cha daraja la usafi, ambacho A ndiyo ya juu. Na kwa vibanda vya Waislamu, alama ya halali.

Halafu tazama foleni. Foleni ya wenyeji wa umri mkubwa ndiyo ushahidi ninaouamini kuliko gazeti lililokatwa na kubandikwa kiooni.

Nakupa maneno machache ya Kimalei, kwa sababu yanaandikwa kwenye mabango na msomaji wa Kiswahili huyatamka bila taabu. Herufi zinasomwa karibu kama zetu, isipokuwa *c* ni "ch", na *ng* ya mwishoni ni ile ya ng'ombe.

*Nasi* ni wali. *Mee*, inasomwa mii, ni tambi. *Ayam* ni kuku, *ikan* ni samaki, *kambing* ni mbuzi, *daging* ni nyama ya ng'ombe, *udang* ni kamba, *sotong* ni ngisi, *telur* ni yai. *Babi* ni nguruwe. *Goreng* ni kukaanga, *bakar* ni kuchoma. *Pedas* ni kali kwa pilipili.

Sasa unganisha mwenyewe: *nasi goreng* ni wali wa kukaanga, *ikan bakar* ni samaki wa kuchoma, *mee goreng* ni tambi za kukaanga. Mengine huhitaji hata kufundishwa. *Nanas* ni nanasi. *Limau* ni ndimu na jamaa zake. *Acar* inasomwa achar, na ni achari kweli.

## Hatua ya 5: Hakikisha halali, kama ni jambo lako

Waislamu wengi kutoka kwetu hukosea hapa kwa nia njema, kwa hiyo soma taratibu.

Cheti cha halali Singapore hutolewa na Majlis Ugama Islam Singapura, yaani baraza la Kiislamu la nchi hiyo, kwa kifupi MUIS. Kinabandikwa kibandani. Tafuta hicho.

Vibanda vingine vinaandika kwamba hawatumii nguruwe wala mafuta yake. Hiyo peke yake si uthibitisho wa halali. Kuku anaweza kuwa hakuchinjwa kisheria, na mvinyo wa kupikia unaweza kuwamo. Upande mwingine, wapo Waislamu wenye vibanda vyao ambao hawana cheti. Wengi huandika wazi kwamba mwenyewe ni Mwislamu. Hapo utaamua mwenyewe kwa imani yako.

Tambi zinazokaangwa na Wachina, kama *char kway teow* na *Hokkien mee*, kwa desturi hupikwa kwa mafuta ya nguruwe hata kama kinachoonekana juu ni kamba na ngisi tu. Usijiridhishe kwa macho. Wali wa kuku pia unapatikana halali na usio halali, tena ukumbi mmoja, vibanda viwili jirani.

Trei na vyombo navyo vimetengwa. Vya halali vina rafu yao ya kurudishia, imeandikwa. Usichanganye, hata kama wewe si Mwislamu. Ukichanganya umemharibia jirani yako.

Kwa wasiokula nyama, tafuta vibanda vya Wahindi wa kusini au vya Wachina vilivyoandikwa mboga tupu. Kuwa mwangalifu na wali wa nazi na michuzi ya Kimalei, uduvi umo karibu kila mahali.

## Hatua ya 6: Panga foleni na uagize kwa mpangilio wao

Foleni ni kitu kitakatifu kule. Simama nyuma ya mtu wa mwisho. Ukiona mistari miwili, uliza ipi ni ya kuagiza na ipi ya kuchukulia.

Ukifika mbele, mpishi hana muda wa salamu ndefu tulizozoea sisi. Haimaanishi amekudharau. Muite *uncle* kama ni mwanamume wa makamo, *auntie* kama ni mwanamke, kama tunavyosema anko na anti. Kisha sema mambo manne kwa mfululizo: jina la chakula, sahani ngapi, ya bei gani, unakula hapo au unafungiwa.

Kwenye kibanda cha Kimalei, kula hapo ni *makan sini*, kufungiwa ni *bungkus*. Kwa Wachina kufungiwa ni *dabao*. Kufungiwa mara nyingi huongezwa senti 20 au 30 za chombo. "Bei gani?" ni *berapa*. Pilipili kidogo ni *kurang pedas*. Hilo la mwisho lichukulie kwa uzito: pilipili zao ndogo ni ndugu wa pilipili kichaa, na zinapondwa nyingi.

Kuna vibanda vya kuonyesha kwa kidole. Vyakula ishirini vimepangwa nyuma ya kioo, unapewa wali, unaonyesha mboga mbili na kitoweo kimoja, wanajumlisha. Kwa Wamalei huitwa *nasi padang*. Ndiyo njia nafuu ya kula mboga za majani safarini, na huhitaji lugha yoyote. Tahadhari: kidole kikienda kwenye samaki mzima au kamba wakubwa, bei inaruka. Uliza *berapa* ukiwa bado umeonyesha, kabla kijiko hakijashuka.

Tahadhari kubwa zaidi ni vyakula vya baharini vinavyouzwa kwa uzito. Bango linaonyesha bei ya gramu 100, au linasema bei ya soko. Jamaa yangu mmoja aliagiza kaa akidhani namba aliyoiona ni ya kaa mzima. Alilipa pesa ya siku nne za chakula. Kabla hujakubali, taka apimwe mbele yako na utajiwe jumla kwa dola. Akisitasita, ondoka. Na mtu akikufuata njiani na menyu mkononi, akikuvuta ukae kwake, mkatalie kwa upole uendelee na safari yako.

Utajua umefaulu ukilipa kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye bango. Vibandani hakuna nyongeza ya huduma, na bakshishi haitarajiwi. Ukiacha sarafu mezani, watakukimbilia wakurudishie.

## Uanze na vyakula gani?

Hivi vitano havijawahi kunirudishia mgeni akilalamika.

Nasi lemak. Wali wa nazi, dagaa wa kukaanga wakavu, karanga, yai, vipande vya tango na kijiko cha *sambal*, pilipili iliyopondwa na kupikwa mpaka ikawa nyekundu nzito, tamu kidogo. Mtu aliyelelewa Tanga au Lamu akionja wali huu anatulia. Tofauti ni majani ya *pandan* yanayopikwa nao, yana harufu ya mchele mpya. Dola 4 hadi 7, kulingana na kitoweo.

Wali wa kuku wa Hainan. Wali unapikwa kwa supu ya kuku, tangawizi na vitunguu saumu. Kuku anachemshwa kwa moto wa chini, halafu anatumbukizwa kwenye maji ya barafu ili ngozi ikaze. Ndiyo maana nyama ni nyeupe, laini, na karibu na mfupa inaweza kuwa na wekundu kidogo. Wageni wengi humrudisha wakidhani ni mbichi. Kama hali hiyo inakusumbua, agiza wa kuokwa, ngozi kahawia. Anakatwa kwa panga pana mbele yako, tak, tak, tak, mfupa na nyama pamoja, na anapangwa juu ya tango. Dola 4 hadi 6.

Prata. Chapati ya tabaka. Simama utazame inavyotengenezwa: donge la unga lililolowa mafuta linabamizwa kwenye meza ya chuma, linarushwa hewani, linatanuka mpaka unaona mkono upande wa pili, linakunjwa na kutupwa kwenye kikaango. Inaletwa na bakuli la mchuzi wa samaki au dengu. Tupu huitwa *kosong*, ya yai *telur*. Tupu ni kama dola moja na nusu. Mbili zinatosha asubuhi. Ile iliyojazwa nyama na yai ni *murtabak*, na kwa mtu wa Unguja haihitaji maelezo.

Satay. Mishkaki midogo, mitamu kuliko yetu, inachovywa kwenye mchuzi mzito wa karanga, pamoja na kitunguu kibichi, tango na vipande vya wali ulioshindiliwa. Mara nyingi kiwango cha chini ni vijiti kumi. Kimoja ni kama senti 80 hadi dola moja. Kumi ni mlo.

Biriani ya Tekka. Dola 7 hadi 10, sahani ya watu wawili wasio na njaa kali. Kuleni kwa mkono, wa kulia, kama nyumbani. Sinki za kunawia zipo.

## Hatua ya 7: Kinywaji ni kibanda kingine

Chakula na kinywaji haviuzwi pamoja. Weka sahani mezani, kisha nenda kibanda cha vinywaji, au subiri mhudumu wake apite. Baadhi hupita mezani kuuliza. Unalipa papo hapo.

Kahawa ndipo ulimi unapokwama, kwa sababu ukisema kahawa tu utapewa yenye maziwa mazito ya kopo, tamu sana. Jifunze hivi:

*Kopi*: kahawa na maziwa mazito matamu.
*Kopi O*: ya rangi, na sukari.
*Kopi C*: maziwa ya kopo yasiyo matamu, na sukari.
Ongeza *kosong* mwishoni mwa *Kopi O* au *Kopi C*: bila sukari.
Ongeza *siew dai*: sukari kidogo.
Ongeza *peng*: na barafu.

Chai inafuata kanuni ileile, badala ya *kopi* sema *teh*. Kwa hiyo *kopi O kosong* ndiyo kahawa chungu yako ya barazani, ingawa haina tangawizi. Ukitaka tangawizi, nenda kibanda cha vinywaji cha Waislamu uombe *teh halia*, chai ya maziwa yenye tangawizi. *Teh tarik* ni chai ya maziwa inayomiminwa kutoka kikombe cha juu kwenda cha chini mara nyingi, mpaka inatoa povu. Kikombe ni takriban dola moja na nusu. Wagonjwa wa sukari, tafadhali, shikeni neno *kosong* kabla ya mengine yote.

Juisi ya miwa nayo ipo, inasagwa ukiona.

## Hatua ya 8: Rudisha trei, ni sheria

Ukimaliza, usiinuke ukaondoka kama hotelini. Weka bakuli, vijiti, tishu chafu na mifupa, vyote kwenye trei, upeleke kwenye rafu ya kurudishia. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 sheria hii inasimamiwa kwenye kumbi hizi: mara ya kwanza onyo la maandishi, ukirudia ni faini ya dola 300. Hizo ni siku nyingi za nasi lemak.

Usikawie. Ndege wanaingia mpaka ndani na watakuwa wamerukia sahani yako kabla hujafunga mkoba.

Kumbuka rafu mbili, ya halali na isiyo ya halali. Chukua pakiti yako ya tishu. Umefaulu kama meza uliyoiacha anaweza kukaa mtu mwingine papo hapo.

## Mambo yanayokwama, na la kufanya

*Hakuna meza kabisa.* Simama karibu na watu wanaokaribia kumaliza, hatua mbili nyuma yao, bila kuwasukuma kwa macho. Ni jambo la kawaida.

*Umepewa ulichoagiza lakini ni kikali mno.* Maji hayasaidii. Agiza *teh* baridi yenye maziwa, au tafuna tango na wali mtupu.

*Tumbo ni jepesi.* Siku mbili za kwanza kaa kwenye vyakula vinavyopikwa mbele yako na kuletwa vya moto. Kombe wadogo wanaowekwa kwenye *char kway teow* na *laksa* mara nyingi huwa hawajaiva sawasawa, waambie wasiweke.

*Mtoto hali chochote.* Prata tupu na sukari pembeni. Nimeona ikifanya kazi kwa watoto wa nchi tano.

## Siku ya kwanza, fanya hivi

Asubuhi saa mbili, Tekka: prata mbili *kosong* na *teh halia*. Takriban dola 5.

Mchana usile saa sita. Kunywa maji, fanya shughuli zako, fika Geylang Serai saa nane. Panda ghorofani, weka tishu, zunguka, kula *nasi padang*: wali, mboga mbili, kuku mmoja. Dola 6 au 7.

Ukishuka, vuka utembee dakika chache hadi ukumbi wa Haig Road, utafute kibanda cha *putu piring*. Ni vikeki vidogo vya unga wa mchele vilivyopikwa kwa mvuke, ndani kuna sukari nyeusi ya mnazi iliyoyeyuka, pembeni nazi iliyokunwa yenye chumvi kidogo. Vinauzwa vichache vichache kwa pamoja. Subiri dakika mbili kabla ya kuuma, sukari ile inaunguza ulimi. Na vimalize palepale, usivibebe kituoni ukavila njiani, maana kula au kunywa ndani ya treni kuna faini ya hadi dola 500.